Keni za Saadia Zilizopimwa kwa Moshi

Watu wa Nairobi hujiona wajanja kwa sababu barabara zao zimepanda juu ya barabara zingine. Ngoja kwanza wasikie habari za Saadia wa Isiolo, mwanamke aliyekitoa jasho kiwanda kizima cha China bila yeye mwenyewe kuvuka hata daraja la Archers hapo jirani.

Saadia ana miaka arobaini na kitu. Hicho kitu hakitaji, na wewe usijaribu kuuliza. Babu yake alikuja hapa na jeshi la Mwingereza, akapenda hewa, akakaa. Ndugu zake wote walishika usukani wa malori. Yeye akashika maziwa ya ngamia. Kila asubuhi yeye na wenzake, wanawake kumi na wanane kwa jumla, hupokea maziwa yanayoletwa na pikipiki kutoka Gotu na kwingineko, wanayanusa, wanayamimina kwenye jerikeni, wanayapakia kwenye basi la Nairobi. Mchana mtaa wa Eastleigh unakunywa. Ndiyo, hata hao wajanja tunawanywesha sisi.

Basi siku moja ya Novemba akapigiwa simu na Abdirashid, mnunuzi wao kule Eastleigh.

"Abaayo, dada yangu, salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam. Mbona sauti yako imebeba mzigo?"

"Leo nimemwaga jerikeni sita. Yamechacha. Hizo jerikeni zenu za mafuta ya kupikia, mdomo mdogo, mkono hauingii, uchafu umelala ndani tangu mwaka juzi. Mvua ya Machi ikianza, maziwa yakiwa mengi, nitachukua ya keni za chuma peke yake. Wenye keni wapo, na wananipigia kila siku."

Saadia akakaa chini. Mnunuzi mkubwa ni huyo mmoja. Akiondoka, wanawake kumi na wanane watakunywa maziwa yao wenyewe mpaka wanenepe, na ada za shule zilipwe na nani?

Keni nzuri za stenlesi zilikuwa zinauzwa Nairobi, lakini kwa bei ya moja ungepata mbuzi wawili na kuku wa kuwasindikiza. Kundi likakaa kikao. Ayeyo Fahmo, bibi wa miaka sabini ambaye akinusa maziwa anakuambia ngamia alikula majani gani (msibishe, nimeambiwa na ngamia mwenyewe), akamwelekezea Saadia kidole.

"Wewe ndiye ulisoma mpaka form four. Nenda ukatafute kule zinakozaliwa."

Saadia akaingia kwenye simu. Mtu wa kwanza aliyempata alikuwa na picha za keni zinazong'aa kama meno ya bwana harusi. Lakini huyo huyo alikuwa anauza pia taa za sherehe, ndala na mashine za kunyolea. Saadia amekulia kwenye soko la mifugo. Mtu anayekuja na ngamia, kondoo na punda kwenye kamba moja si mfugaji, ni dalali. Kamba ni yake, mnyama ni wa wenyewe. Akamwandikia kwa Kiingereza chake cha form four: nionyeshe mashine zako, sasa hivi, kwa video. Yule mtu akasema mashine zimelala. Kesho yake akasema ni sikukuu. Keshokutwa bosi hataki. Saadia akamwachia kamba yake.

Wa pili alikuwa binti mmoja, jina lake Xiu. Huyo hata hakumaliza kuulizwa. Alinyanyua simu akaingia nayo kiwandani, makelele kama ya kuvunja mawe, mtu mmoja anakandamiza bati linageuka tumbo la keni, mwingine amekaa pembeni anakula tambi, akainua vijiti vyake kusalimia Isiolo.

"Huyu ana boma," Saadia akasema.

Shida ikawa idadi. Kiwanda hakiwashi mashine kwa keni kumi na nane. Xiu alitaka mia tano. Wakavutana siku tatu, huyu akilia gharama, yule akilia jua la Isiolo, wakafika mia mbili. Saadia akampigia Sabdio, anayeuza maziwa kule Kinna, naye akasema wenzake watachukua themanini. Za Isiolo zikawa mia na ishirini. Wakakubaliana: kwanza sampuli moja ije kwa ndege, ikipendwa, inatangulizwa sehemu ya malipo, nyingine ni mzigo ukiwa tayari na umekaguliwa.

Saadia alimwandikia Xiu kila kitu. Lita ngapi, mdomo upana gani, mkono uingie mpaka kwenye kiwiko, shikio linalobeba bila kukata vidole. Kila kitu, isipokuwa kimoja.

Sampuli ilifika. Wanawake wakajitazama ndani yake, wakatengeneza mitandio. Ayeyo Fahmo hakujitazama. Aliichukua keni akafanya anavyofanya kila siku ya Mungu: akatia ndani makaa mekundu ya mti, akatikisa, akafunika moshi ukae. Chombo cha maziwa ya ngamia kinafukizwa. Ndivyo maziwa yanavyodumu njiani, na ndiyo ladha yenyewe.

Alipofunua kifuniko, ukatoka moshi mweusi kama wa lori la Guleid, kaka yake Saadia, likipanda mlima. Mpira ulioganda kwenye kifuniko ulikuwa umeyeyuka ukatambaa mpaka shingoni.

"Mashallah," akasema Ayeyo Fahmo. "Maziwa ya ladha ya tairi. Eastleigh watapenda."

Walicheka mpaka basi likapiga honi. Saadia peke yake hakucheka. Alikuwa hajamwambia Xiu habari ya moto, na hakumwambia kwa sababu haikumpitia akilini kwamba duniani kuna watu wanatia maziwa kwenye chombo kisichofukizwa. Ni kama kumwambia fundi wa viatu kwamba mguu una vidole.

Akatuma picha. Xiu akajibu haraka: "Dada, kwa nini umechoma keni yetu? Bosi anasema hatutalipa fidia."

"Sitaki fidia. Tazama."

Akamrekodi Ayeyo Fahmo tangu makaa mpaka kifuniko. Bibi, alipojua atatazamwa na China, alivaa gauni lake jipya la baati na kutikisa keni kwa madaha ambayo ngamia hawajawahi kuyaona. Siku ya tatu Xiu akaandika kwamba kiwanda kizima kimeangalia, na bosi hana hasira tena, ana maswali: makaa yana moto kiasi gani? Yanakaa dakika ngapi? Je, mnataka kifuniko cha chuma kitupu kinachobanwa kwa komeo, na mpira wa kutoa, unaouvua wakati wa kufukiza na kuurudisha wakati wa safari?

"Hicho hicho," Saadia akasema. "Niletee sampuli nyingine."

Hapo ndipo Karambu, mweka hazina wa kundi, alisimama wima.

"Sampuli gani tena? Januari inaingia! Meli peke yake inakula karibu miezi miwili. Toa oda sasa, Saadia. Amekuelewa."

"Amesema ameelewa."

"Na mvua ikifika kabla ya keni?"

"Na keni mia mbili zikifika na ladha ya tairi? Karambu, wewe ungenunua ngamia kwa kuonyeshwa picha ya mama yake?"

Karambu akasonya, lakini mikono mingi iliinuka upande wa Saadia kuliko upande wake. Hata hivyo usingizi ulimhama Saadia. Kila wingu alilipima kwa jicho kama mdai anayepita dirishani.

Sampuli ya pili ikaja. Makaa, moshi, kifuniko. Ayeyo Fahmo akatia pua ndani, akakaa humo muda mrefu hadi wakadhani amelala. Akatoka.

"Tia maziwa."

Saadia hakuishia hapo. Alirudisha mpira, akabana komeo, akaipakia keni hiyo moja kwenye basi, imwendee Abdirashid mkononi. Mchana simu ikalia.

"Abaayo, hii ni keni gani?"

"Ni yetu. Mia na ishirini ziko njiani." Hazikuwa njiani. Zilikuwa bado bati. Lakini jioni hiyo hiyo alituma malipo ya kwanza, kwa hiyo tuseme aliwahisha ukweli kidogo.

Mzigo ulipokamilika alimsimamisha Xiu kwenye video, katikati ya makatoni. "Fungua ile ya saba. Hapana, ya chini. Ile unayojifanya huioni." Walifungua kumi. Kwenye moja wakakuta vifuniko viwili vya mtindo wa kwanza, mpira umegandishwa. Xiu akaona haya, makatoni yote yakafunguliwa, vikatoka vitano vingine. Ndipo Saadia akamalizia malipo, na keni zikajibana kwenye kontena moja na mizigo ya wafanyabiashara wa Eastleigh.

Mvua ilizishinda mbio keni kwa siku tisa. Saadia akampigia Abdirashid kuomba muda. Abdirashid akacheka: "Mvua ya Isiolo siihesabu. Nahesabu ya Eastleigh, na huku bado ni vumbi." Mwongo yule; nyuma yake maji yalikuwa yanapiga mabati kama ngoma. Lakini alikuwa ameonja maziwa ya ile keni moja.

Guleid alizileta kwa lori lake, matope mpaka kwenye vioo, na Sabdio akachukua za Kinna siku hiyo hiyo. Asubuhi yake, keni hamsini na nne zilizofukizwa zikapanda basi. Wanawake hawakurudi nyumbani. Walikaa stendi wakinywa chai mpaka adhuhuri simu ya Saadia ilipolia, akaiweka sauti kubwa.

"Hamsini na nne," alisema Abdirashid, "na sijamwaga hata tone. Wale wengine wenye keni, maziwa yao hayana moshi. Wateja wameniuliza kama nimewaletea maji."

Vigelegele vikapigwa, dereva wa basi lingine akachungulia akidhani ni harusi. Ayeyo Fahmo alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Mwambie kesho ni sabini," akasema, akaenda kupuliza makaa.