Safu ya Upendo

Katika nyumba ya wazee hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo lilimtoka mdomoni kutwa nzima: taratibu, babu, ngazi hiyo, taratibu, bibi, chai ya moto. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mgongo ulioanza kulalamika kwa kunyanyua watu wazima, na miaka kumi na moja katika shirika lisilopenda neno mfanyakazi.

"Hapa hatuna wafanyakazi," mkurugenzi alisema kila Jumatatu, mbele ya wanawake kumi waliovaa aproni. "Tuna familia."

Mwanamume alikuwa mmoja tu, dereva.

Karibu na mlango, juu ya meza ndogo, lilikaa daftari la mahudhurio, kalamu yake imefungwa kwa uzi ili isiende matembezi. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Ya kwanza iliitwa Kazi, nayo ilijazwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Ya pili iliitwa Upendo. Saa zote zilizozidi ziliingia humo, na hazikulipwa. Mwisho wa mwaka zilijumlishwa na kuchapishwa kwenye ripoti ya wafadhili, pembeni ya picha ya Taratibu akicheka. Saa za dereva ziliandikwa kwenye kitabu cha gari. Zake zikizidi, alilipwa.

"Kaka, kwani wewe hupendi?" mpishi alimtania siku moja.

"Gari halina moyo, dada. Lina injini. Na nyinyi mkitaka pesa, wekeni injini."

Walicheka wote, Taratibu pia, kisha akaenda kumlisha mzee waliyemwita Mwalimu.

Chakula cha jioni kililiwa saa kumi na moja, zamu yake ikiwa imekwisha. Zamu ya usiku ilikuwa na watu wawili kwa wazee thelathini. Mwalimu mstaafu wa chumba namba nne alikuwa amepata kiharusi, na kumeza kulimtisha. Taratibu alimwekea vidole viwili chini ya kidevu na kungoja. Akihisi koo limepanda na kushuka, ndipo alipochota kijiko kingine. Sahani moja ilichukua dakika arobaini. Wengine walikuwa wamejaribu. Mwalimu aliwafungia meno.

Nyumbani kwa Taratibu, mama yake mzazi naye alingoja. Alikuwa na miaka themanini na macho yaliyobakiwa na mwanga kidogo tu.

"Umerudi," alisema kila jioni, giza likiwa limeshaingia. "Mzee wako ameshiba?"

"Ameshiba, mama."

"Haya. Na mimi nikatafute chumba hukohuko, nile mapema."

Ulikuwa utani. Lakini jioni moja Taratibu alimkuta ameketi sakafuni jikoni, sufuria imepinduka, kiganja kimebabuka. Alikuwa amejaribu kupasha uji mwenyewe. Taratibu alimpaka dawa, akampikia, akafuta sakafu.

Kesho yake, saa kumi kamili, alisaini na kuvua aproni.

"Unakwenda wapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Nyumbani, dada. Zamu imekwisha."

"Na Mwalimu?"

"Nina mzee mwingine."

"Sikutegemea haya kutoka kwako. Wewe ndiye moyo wa nyumba hii."

"Nisamehe, dada," Taratibu alisema, akaondoka.

Siku hiyo wahudumu wa usiku walijaribu wakashindwa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mkurugenzi mwenyewe alishika kijiko, na uji ukaishia kwenye blauzi yake. Siku ya nne alimngoja Taratibu penye meza ya mlangoni.

"Siku tatu sasa, jioni Mwalimu anakunywa maji tu. Tafadhali, baki."

"Nikibaki nitaandika wapi?"

Mkurugenzi alitazama korido. Haikuwa na mtu.

"Andika Kazi. Lakini ni wewe tu. Na neno hili lisitoke hapa."

Taratibu alikubali. Alimpigia simu jirani, wakapatana ampe mama uji kila jioni kwa malipo kidogo. Kisha akamlisha Mwalimu, akaandika saa mbili katika safu ya Kazi, akaenda zake. Hakumwambia mtu.

Hakuhitaji kumwambia. Daftari lilikaa mlangoni, na kila aliyefika asubuhi alisaini kwenye ukurasa uleule. Dobi alikuwa wa kwanza. Alisoma mstari wa Taratibu, akarudia kuusoma, kidole kikiwa juu yake. Jioni hiyo, baada ya kukunja mashuka kwa saa nzima ya ziada, aliiandika katika safu ya Kazi. Mpishi akafuata. Kufikia Ijumaa, safu ya Upendo ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini.

Mkurugenzi alikuja na kalamu nyekundu. Wanawake walikuwa wamesimama na mikoba begani. Angefuta mistari tisa, angelazimika kuufuta na wa kumi, wa Taratibu, na Mwalimu alikuwa hajala bado. Dereva, aliyekuwa akingoja na funguo mkononi, alikohoa.

"Dada," alisema, "injini zimewaka."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alirudisha kifuniko cha kalamu.

Walilipwa mwezi huo. Mwezi uliofuata tangazo lilibandikwa ukutani: kwa ajili ya afya ya wazee, chakula cha jioni kitaliwa saa tisa na nusu. Saa za ziada zikaisha, na wahudumu wakaanza kufika nyumbani jua likiwa bado juu.

"Mapema leo," mama alisema, mkono wenye kovu ukitafuta kijiko. "Mzee wako ameshiba?"

"Amekula nusu. Saa tisa na nusu hana njaa. Ikifika saa kumi naondoka."

Mama alikula vijiko viwili, vitatu.

"Basi kesho kaa naye kidogo," alisema. "Lakini uandike."