Mshairi Aliyeandikwa Mkulima

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya mapokezi ya hospitali moja hapa Singida. Mbele yangu alisimama mama kutoka Iguguno na mumewe, mshairi ambaye kwa miaka mingi aliwatungia beti marehemu wa kwetu. Kiharusi kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kulia.

"Shikamoo mama. Mzee anafanya kazi gani?" aliuliza binti wa mapokezi.

"Mshairi."

"Hapana mama, kazi. Inayomlisha."

Mzee akagonga meza kwa mkono wa kushoto. Midomo ilihangaika, ikatoka sauti moja tu: "Mm. Mm."

Mama akaushika ule mkono, akautuliza. "Andika mkulima, mwanangu."

Mzee akageukia ukuta.

Simlaumu binti. Mzee analima alizeti kama sisi sote. Lakini baba yangu tulimzika kwa shairi la mzee yule, nami nalijua lote kwa moyo. Nilikuwa hatua moja nyuma yao, nikanyamaza.

Zamu yangu ilipofika niliulizwa kazi, nikajibu, "Mwandishi." Binti akaandika bila kuinua kichwa.