Taa Iliyoniunguza Paja Ibadani

Nauza bastola za kuchezea, zile za risasi za plastiki, dukani mtaa wa Kensington. Kila mteja namweleza polepole: taa inayofungwa chini ya bastola ni ndogo lakini kali, haina pa kutolea joto, kwa hiyo usiiache ikiwaka.

Jumapili nikaenda ibadani mtaa wa Bellevue na taa ya mteja mfukoni. Swichi ikajibonyeza. Paja likaungua, nikaruka nikipiga mayowe.

"Roho ameshuka! Mwachieni nafasi, ndugu!" mchungaji akapaza sauti. Waumini wakanishika mikono yote miwili, nisiweze kuitoa taa mfukoni.

Mama Furaha, fundi cherehani wetu, ndiye aliyeona moshi ukitoka mfukoni mwangu. Akanimwagia chupa nzima ya maji, akaichomoa taa. Namshukuru mno, bila yeye ningeungua vibaya.

Akaiinua juu, ikiwaka bado. "Eish, papa! Roho wako anatumia betri?"