Mara Kumi Zenye Niliongeza

Mufiche jina langu, tafazali. Niko maman wa miaka makumi sita na saba, professeur wa zamani, ninakaa peke yangu mutaa wa Muhumba.

Wakati wa Zaïre nilikuwa mwanafunzi wa biologie hapa Bukavu. Kazi ya mwisho nilifanya na rafiki yangu, nitamuita Mapendo. Tulikuwa tunaiga vile maumbile inachagua nani aishi. Tulimwaga maharagi nyekundu na nyeupe juu ya kitambaa chekundu, wenzetu wakawa ndege, wakaokota haraka haraka. Yenye ilibakia ilizaa, ni kusema tuliongeza ingine ya rangi yake, tukaanza tena.

Mapendo alikataa tuanze bila plan. "Tuandike mbele," alisema. "Mara makumi tatu, kisha tunasimama. Tukichagua mwisho kisha kuona majibu, itakuwa tamaa yetu, si science tena." Tukaandika pia mupaka: hesabu ya nyekundu zenye zimebakia isipoupita, hatutasema rangi ndiyo iliokoa maharagi, pengine ni bahati tu. Tukatia sahihi wote wawili.

Mara makumi tatu ikaisha. Hesabu haikufika mupaka, ilikosa kidogo sana. Niliogopa maprofesseur watakataa kazi yetu. Mapendo alikuwa ameenda kwao Kalehe kuuguza mama yake. Nikaita wenzetu, nikaongeza mara kumi. Hesabu ikapita. Nikaandika plan upya: mara makumi ine.

"Uliongeza?" aliniuliza aliporudi.

"Kidogo tu, Mapendo. Nani atajua?"

"Miye najua. Toa jina langu."

Hakunishitaki. Professeur wetu aliponiuliza sababu gani jina lake halipo, nilisema Mapendo alichoka na kazi. Akaamini. Bila kazi ya mwisho Mapendo hakumaliza masomo, akarudi Kalehe kufundisha shule ya primaire. Miye nikapewa distinction, alama ya juu, nikawa assistant kwenye chuo, na miaka yote nilifundisha watoto wa watu kuandika plan mbele ya kuhesabu. Nikitoka auditoire, chumba cha masomo, sikuwa na mutu wa kuongea naye. Kila mwenye alitaka urafiki nilimukimbia, nikiogopa atanijua.

Mwaka huu tulikutana kwenye matanga, Kalehe. Mapendo alinishika mukono, akanipakulia sombe. Binti yake, mwalimu kama yeye, akaniambia na furaha: "Maman anatuambiaka masomo ilimushinda, ni wewe ulikuwa na akili!"

Mapendo aliinamia sahani yake, akaendelea kula. Na miye nikakula.

Ndugu wasomaji, tangu siku ile usingizi umenikataa. Nirudie Kalehe niseme kweli mbele ya watoto wake, ao nitamuvunjia siri yenye amejichagulia mwenyewe? Munisaidie mawazo, miye nifanye je?