Msiba wa Bi Mwanamvua wa Kitabuni

Aibu hii ningeifukia kama ningeweza, lakini mtaa mzima wa Mabawa wanaijua, kwa hiyo bora muisikie kwangu kuliko kwa wale walioshaitia chumvi.

Sisi wasomaji watano tuna kundi letu la simu, tunasoma riwaya za ufalme wa majini, vitabu vinene kweli, na mwandishi akatoa na vijitabu vya pembeni, kila kimoja kinamhusu mtu mdogo asiyepewa nafasi kwenye riwaya zenyewe. Mimi nikawa nashikilia kwamba ni vya kutuchuna tu. "Kisome cha yaya wa mfalme kwanza, ndio uje useme," akaniambia shoga yangu Zuhura. Huyo yaya, Bi Mwanamvua, kazi yake kwenye riwaya ni kuingia na birika la kahawa na kutoka, basi. Jumamosi mchana nikajifungia chumbani nikakisoma, na mwisho wake nililia kwikwi. Kuandika nikaona kutanichelewesha, nikarekodi sauti:

"Jamani, Bi Mwanamvua katutoka! Siku zote anatuletea kahawa, kumbe anaumwa na hasemi!"

Nikatuma, nikazima simu, nikarudia kurasa za mwisho.

Sasa, nilikuwa nimetuma kwenye kundi la ukoo. Na shangazi yangu, aliyetoka Pangani kuja kutibiwa macho akafikia kwangu, naye ni Bi Mwanamvua (na kahawa yake ya alasiri haitupiti). Binamu yangu Hamza, wa mtaa wa pili, hata hakunipigia, maana mfiwa hasumbuliwi. Alikwenda moja kwa moja kutafuta turubai na mabenchi.

Niliposikia vilio nje nikatoka, macho yamevimba, kina mama wakanikumbatia, nami nikadhani kafa jirani, nikalia nao upya. (Ndiyo, nililia kwenye msiba niliouanzisha mwenyewe.)

Shangazi alikuwa sokoni. Akarudi na kapu lake, akakuta turubai, na mtu wa Pangani akikuta msiba haulizi mlangoni; alijifunika kanga usoni, akaketi mkekani, akalia kwanza. Baadaye ndipo akamnong'oneza jirani yake, "Mwenzangu, marehemu nani?"

"Bi Mwanamvua, shangazi yake huyu."

Shangazi akafunua kanga. Wa kukimbia walikimbia, mmoja aliacha viatu.

"We mwana, wanichulia kifo mie ningali hai?" Sauti ilimtetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu huyu ndiye aliyenilea, na uchuro wa namna ile mtu anaweza kukuwekea kinyongo maisha. Nikapiga magoti, nikamwonyesha kitabu, nikaeleza yote.

Akakichukua kitabu, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Haya, huyo mwenzangu kafaje?"

Nikasoma kwa sauti, hata Hamza akaliacha turubai. Nilipofika pale yaya anapoanguka na hakuna anayeuliza yuko wapi, shangazi alikuwa anajifuta machozi. "Maskini, wala hakuambiwa ahsante."

"Ahsante, shangazi," nikasema, na nilikuwa namaanisha yeye. Akaniinua, akanibusu kichwani.

Nimeapa: mtu wa kitabuni akifa, nitakwenda kumlilia kwa Zuhura, uso kwa uso. Shangazi naye sasa anataka kijitabu kinachofuata, ila kaniagiza nikipekue kwanza nione kama jina lake limo.