Waya Uliobaki

Wageni wetu waliingia Tabora na gari lenye vitanda na jiko, nikawapa umeme wa soketi ya barazani. Mama mgeni kila akishika mlango wa gari, unampiga shoti. Nikatangaza kitaalamu kwamba gari ni bovu, mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ni ya sokoni.

Yustina, fundi umeme tuliyemwita kutoka Urambo, hakubishana. Alipima gari, akapima soketi, kisha akaifungua taratibu kama anayemenya yai. Kazi safi mpaka nikasahau chai yangu. Ndani, waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kuachwa bila kufungwa popote.

"Baba, gari ni zima. Waya huu ndio unaozuia watu kupigwa shoti. Nani alifunga soketi hii?"

Nikatazama paa.

Mke wangu akajibu kwa upole, "Ni huyu huyu. Alinitambia kwamba amemaliza, na waya mmoja umebaki."