Niliuliza maswali yote kabla ya kupeana mtoto wangu, lakini moja lilijibiwa nje ya korti

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni nyanya wa Mbooni, karibu na Kikima. Naandika kwa kidole kimoja kwa simu niliyonunuliwa na mjukuu, makosa mtanivumilia. Uongo lakini hamtapata.

Nimeona yule msichana anayeuliza humu sheria za kupeana mtoto adoption. Mmemtukana sana, na mimi sijafurahi. Sikieni yangu.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, nilipata mimba. Kijana mwenyewe alipanda gari la Mombasa na mpaka leo hajashuka 😀

Seremala mmoja wa mji wa Wote na mkewe Raeli, watu wa kanisa letu, walikuwa hawajajaliwa mtoto. Wakaomba kumlea wangu, lakini kisheria, mbele ya hakimu.

Nilikubali kwa hiari yangu. Kitu kimoja tu kilininyima usingizi: nitamwona tena?

Mama yangu, Syokau, akanipeleka kwa karani wa korti. Mama alikuwa na mdomo, wakuu. Karani hakupumua.

"Huyo kijana ya Mombasa, lazima akubali?"

"Hawakuoana, mama. Tunauliza msichana yako."

"Na akibadilisha roho?"

"Kama hakimu bado kuamua, anachukua mtoto yake. Akishaamua, basi, ni ya wale."

"Na watatupatia nini?"

"Hakuna! Mtoto si mbuzi."

"Vizuri. Nilikuwa nakupima tu."

Ndipo nikauliza langu. Karani akaweka kalamu chini. "Kumwona, hiyo sheria haikupi, dada. Itakuwa roho yao tu."

Nililia njia nzima. Lakini nia sikubadilisha.

Siku hakimu alipoamua, tulitoka nje, Raeli amembeba mtoto. Akanigeukia.

"Tumempatia jina. Anaitwa Syokau."

Kwa wasio Wakamba: kwetu, mtoto akipewa jina la mama yako, unamwita mwaitu, yaani mama. Anakuwa mama yako kweli. Na nani atamkataza mtu kumsalimia mama yake?

Raeli alijua alichofanya. "Krismasi tutaleta mwaitu wako akuone," akaniambia.

Mama akapiga vigelegele mpaka askari wa korti akatoka mbio akidhani kuna vita. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mzee wangu anajua.

Krismasi walimleta. Na zilizofuata zote. Hakufichwa kitu, na leo yeye pia ni nyanya.

Somo langu: binti, uliza kila kitu kabla hujatia kidole kwenye karatasi, hata kinachokuaibisha. Sheria za leo si za wakati wetu, kwa hivyo uliza wanaozijua. Na angalia sana roho ya watu unaowapa, maana karani hawezi kukuandikia hiyo.

Nanyi, kwenu jina la mtoto lina nguvu gani? Niambieni, lakini matusi muache.

Nitasoma baadaye. Mwaitu anapiga simu, na nisiposhika haraka ataniuliza, "Mwanangu, umekula kweli?"